Mmoja amelazwa kwenye baridi, mwingine kwenye joto

SWALI: Shikamoo daktari. Mdogo wangu amejifungua mtoto wa kiume mimba ikiwa ya wiki 29. Mtoto ana gramu 1,150. Pembeni yake yupo mtoto mkubwa tu, wa mimba ya miezi tisa kamili, aliyezaliwa amechoka, hakulia. Huyo wamemlaza uchi juu ya godoro linalopitisha maji ya baridi, na mama yake anasema ukimshika mguu ni kama umeshika mtungi. Wa kwetu kavishwa kofia na soksi, kafungwa kifuani kwa mama yake. Wauguzi wanasema wote wawili wanalindwa ubongo. Inakuwaje dawa ya mmoja iwe baridi na ya mwingine iwe joto? Nilipouliza kama wa kwetu naye apozwe, nilijibiwa "njiti hapozwi", basi. Na sasa mdogo wangu kaletewa fomu ya utafiti asaini. Wanataka kumjaribia mtoto wetu? – Mama mkubwa wa mtoto

JIBU: Marahaba, mama mkubwa. Aliyekujibu "njiti hapozwi" amekujibu sawasawa, ila ni jibu la mtu mwenye vitanda vingi na usiku mmoja. Mimi nina nafasi zaidi, nitalifungua. Mtoto wenu sijamwona, kwa hiyo yanayomhusu yeye binafsi mtayapata kwa daktari wake.

Nianze na jirani yenu, kwa sababu kisa chake ndicho kilichotufundisha mengi. Ubongo wa mtoto huyo ulikuwa umekomaa, tayari kwa kuzaliwa. Kilichompata ni kukatikiwa na damu na oksijeni wakati wa leba. Huenda kitovu kilibanwa, huenda kondo la nyuma liliachia mapema, huenda mji wa mimba ulichanika. Seli za ubongo hazina ghala. Zikikosa oksijeni dakika chache tu, nguvu ya kusukuma chumvi na maji nje ya kuta zake inaisha, zinaanza kuvimba, na baadhi zinakufa pale pale. Kisha mtoto anapuliziwa hewa, moyo unashika kasi, rangi inarudi, na kila mtu chumbani anashusha pumzi.

Kwa miaka mingi tulidhani hapo mambo yameisha: kilichokufa kimekufa, kilichobaki kimebaki. Katika miaka ya 1980, timu ya Osmund Reynolds pale University College London ilianza kuwapima watoto wa aina hii kwa mashine ya sumaku inayoweza kusoma kiasi cha nishati ndani ya ubongo bila kumchoma mtoto sindano hata moja. Saa chache baada ya kuzaliwa, wengi walikuwa na nishati karibu ya kawaida. Kesho yake ilikuwa imeporomoka. Wale ambao nishati yao iliporomoka zaidi ndio waliokufa au kuishi na ulemavu mzito.

Ni moto wa pumba, mama mkubwa. Ukiutazama juu ni majivu, umezimika. Chini unaendelea kula taratibu. Baada ya ajali ya kwanza ubongo hupata kipindi cha utulivu cha saa kadhaa, halafu uharibifu wa pili unaanza: kemikali za kuchochea seli zinamwagika kupita kiasi, uvimbe unapanda, na seli ambazo zilikuwa zimenusurika zinajiua zenyewe kwa mpangilio. Degedege nyingi za watoto hawa huanza katika awamu hii, wazazi wakiwa wameshaambiwa mtoto anaendelea vizuri.

Kwa mtafiti habari hiyo ni mbaya na nzuri kwa pamoja, maana kama kuna saa kadhaa kabla ya moto wa pili, basi kuna saa kadhaa za kuuwahi. Huko Auckland, New Zealand, Alistair Gunn na wenzake waliwapoza vichwa wanakondoo waliokuwa bado tumboni mwa mama zao baada ya kuukatia ubongo damu. Walipoanza dakika 90 baada ya ajali na kuendelea siku tatu, seli nyingi ziliokoka. Walipochelewa hadi saa tano na nusu, faida ilibaki nusunusu. Walipochelewa hadi saa nane na nusu, degedege zikiwa zimekwisha kuanza, hawakuvuna kitu. Kwa hiyo ukisikia wauguzi wanagombana na saa ukutani wakisema mtoto lazima aanze kupozwa kabla ya saa sita tangu azaliwe kuisha, mzizi wake uko kwa kondoo hao.

Baadaye likaja swali la watoto wenyewe. Majaribio makubwa yalichapishwa kuanzia 2005, na la Uingereza lililoitwa TOBY, la watoto 325, likatoka 2009. Yalipojumlishwa, majaribio 11 yenye watoto 1,505, hesabu ilisimama hivi: kwa kila watoto 7 wanaopozwa, mmoja zaidi anaepuka kifo au ulemavu mkubwa. Mmoja kati ya saba. Kwa mama wa yule mmoja ni dunia nzima, lakini usisahau wale sita ambao baridi haikubadilisha hatima yao, ama kwa sababu wangepona hata hivyo, ama kwa sababu ajali ilikuwa kubwa kuliko tiba. Nawaambia wanafunzi wangu kila mwaka wasiuze baridi kama muujiza.

Kwa hiyo ile baridi aliyoishika jirani ina kipimo chake. Joto la ndani ya mwili linashushwa hadi kama nyuzi 33.5 na kushikiliwa hapo saa 72, kipima joto kikiwa ndani ya mwili muda wote, kisha mtoto anapandishwa polepole, kama nusu nyuzi kwa saa, kwa sababu kumpasha haraka kunaweza kuziamsha degedege. Na anayepozwa ni mtoto wa wiki 36 au zaidi mwenye dalili za ubongo kuumia: amelegea, haamki, hanyonyi. Kuchelewa kulia peke yake hakutoshi.

Sasa tuje kwa mwenenu.

Mtoto wa wiki 29 hakupata ajali kama ile. Tatizo lake ni kwamba ubongo wake ulikuwa katikati ya ujenzi, na sasa ujenzi unaendelea nje ya nyumba ulimopaswa kumalizikia. Kando ya vile vyumba vya maji vilivyo katikati ya ubongo kuna eneo ninalopenda kuliita kitalu. Huko ndiko seli changa zinakooteshwa, kisha zinasafiri kwenda kupandikizwa sehemu zake. Kitalu kinataka damu nyingi, kwa hiyo kimejaa mishipa, lakini mishipa yenyewe ni ya muda, kuta zake nyembamba, haikujengwa idumu. Kufikia wiki ya 34 hivi kitalu kimekwisha kazi na kimesinyaa. Kwa mtoto wa wiki 29 bado kiko hai. Shinikizo la damu likipanda na kushuka ghafla, mshipa unapasuka, na damu inaingia kwenye vyumba vya maji. Sehemu kubwa ya damu hizi hutokea katika siku tatu za kwanza, na ndiyo maana siku hizo utaona wauguzi wanamgusa njiti kama wanagusa yai: kichwa kimenyooka katikati, nepi inabadilishwa bila kumnyanyua miguu juu, taa zimefifizwa.

Kipimo chenyewe ukikiona utashangaa kilivyo rahisi. Utosi wa mtoto bado haujafunga, na utosi ni dirisha. Unapaka jeli ya vuguvugu, unaweka kichwa cha mashine ya ultrasaundi, kidogo kama kidole gumba, juu ya ule ulaini unaodundadunda, na ubongo unatokea kwenye skrini kwa weusi na weupe. Vyumba vya maji vinaonekana kama mabawa mawili meusi. Damu mbichi ni nyeupe. Alama nyeupe ndogo kama punje ya mchele pembeni ya bawa, hiyo ni daraja la kwanza, na watoto wengi wenye hiyo hukua vizuri. Daraja la pili damu imeingia kwenye chumba, la tatu imekijaza na kukitanua, la nne imeumiza nyama ya ubongo yenyewe. Muulizeni daktari ni daraja gani, kama lipo. Neno "damu kwenye ubongo" likitajwa bila daraja linawatesa wazazi bure. Nimeona baba akikaa wiki nzima bila kula kwa ajili ya punje ya mchele.

Jeraha la pili la njiti halina kelele kabisa. Nyuzi za ubongo zinahitaji kuvishwa ganda la mafuta, kama waya wa umeme unavyovishwa plastiki, ili ujumbe upite haraka. Seli zinazofanya kazi hiyo ya uvishaji, katika umri wa wiki 23 hadi 32 hivi, ziko katika hatua ambayo haziwezi kuvumilia chochote: maambukizi, uvimbe, damu kidogo, oksijeni inayopanda na kushuka. Zikiumia, hata zisipokufa, zinagoma kukomaa. Na kwa kuwa nyuzi za miguu ndizo zinazopita karibu zaidi na vyumba vya maji, njiti aliyepata jeraha hili mara nyingi miguu yake ndiyo inayokaza kuliko mikono. Mtindio wa ubongo wa aina hiyo hauonekani wodini. Utaonekana baadaye, mtoto anapopaswa kukaa na kusimama.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini baridi haimfai. Kwake hakuna ajali moja yenye saa yake, kwamba tuwahi kabla ya saa sita. Maadui zake huja kwa wiki nyingi, mmoja mmoja. Na baridi yenyewe kwake ni adui mwingine: ngozi yake ni nyembamba, hana akiba ya yale mafuta ambayo mtoto mchanga huyachoma kujipasha, na akipoa sukari inashuka, mapafu yanakuwa magumu, damu inagoma kuganda vizuri, yaani kitu cha mwisho unachokitaka kwa mtoto mwenye kitalu chenye mishipa ya karatasi. Mwaka 1958 William Silverman na wenzake, huko Marekani, waliwapanga njiti kwa kura katika inkubeta zilizotofautiana joto kwa nyuzi chache tu. Wale wa kwenye joto zaidi waliishi wengi zaidi. Hata kwa njiti wakubwa kidogo waliopata ajali kama ya jirani yenu, watafiti walijaribu: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2025 uliwapoza watoto wa wiki 33 hadi 35, na haukuona faida.

Kwa hiyo ubongo wa njiti tunaulinda kwa vitu vidogo vidogo vingi. Vingine huanza kabla hajazaliwa. Mama anayeelekea kujifungua mapema hupewa steroidi, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto, jambo lililoanzia tena Auckland, ambako Graham Liggins alikuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu kwa kondoo akakuta wanakondoo waliotakiwa kufa kwa mapafu machanga wanapumua. Yeye na Ross Howie walichapisha jaribio la akina mama mwaka 1972. Dawa ya mapafu ikaja kuonekana inapunguza pia damu kwenye ubongo.

Ya magnesiamu naipenda zaidi, kwa sababu haikuanzia maabara. Magnesiamu salfeti ilikuwa ikitolewa kwa akina mama wenye kifafa cha mimba. Mwaka 1995 Karin Nelson na Judith Grether walipekua kumbukumbu za watoto waliozaliwa wadogo sana na kugundua kwamba wenye mtindio wa ubongo walikuwa na mama waliopewa dawa hiyo kwa nadra kuliko wenzao. Pengine bahati tu? Ikabidi kujaribu kwa kura, akina mama kwa maelfu, na majaribio yalipowekwa pamoja hatari ya mtindio wa ubongo ilikuwa imepungua kwa karibu theluthi moja. Dawa kongwe, ya bei ndogo, iliyokuwa kwenye kabati muda wote. Muulizeni mdogo wako kama alichomwa kabla ya kujifungua. Kama ndiyo, utafiti tayari umeshamfikia mwenenu.

Na kama anapewa kafeini ili asisahau kupumua, basi umemfikia mara mbili. Dawa za familia hiyo zilitumika miaka na miaka bila mtu kuthibitisha kama zinaudhuru ubongo. Barbara Schmidt na wenzake wakawachukua watoto 2,006 wenye uzito wa gramu 500 hadi 1,250, nusu wakapewa kafeini, nusu plasebo, yaani maji yasiyo na dawa. Hofu ilikuwa madhara. Matokeo yakaja kinyume: walipofika miezi 18, mtindio wa ubongo ulikuwa asilimia 4.4 kwa waliopata kafeini na 7.3 kwa wasiopata.

Kofia, soksi na kile kifua cha mama navyo ni tiba, msivione kama mambo ya wauguzi kupitisha muda. Kubeba kwa kangaroo kulianzia Bogotá mwaka 1978, Edgar Rey Sanabria akiwa na inkubeta chache na watoto wengi. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2021, katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulianza kubeba mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kusubiri mtoto atulie. Watoto walikuwa wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8, ambamo wa kwenu yumo. Vifo vya mwezi wa kwanza vilikuwa asilimia 12.0 dhidi ya 15.7, na utafiti ukasimamishwa mapema kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima wengine. Mdogo wako akichoka, wewe mama mkubwa unaweza kumpokea. Kifua chako nacho kina joto.

Tufike kwenye fomu. "Wanataka kumjaribia mtoto?" Ndiyo, hilo ndilo neno, na sitalipamba. Ila nikuonyeshe upande wa pili, yaani tunachofanya tusipojaribu. Miaka ya 1990 njiti wengi walipewa wao wenyewe, baada ya kuzaliwa, deksamethasoni, aina ya steroidi, kwa wingi ili watoke kwenye mashine ya kupumulia. Walitoka kweli, madaktari wakafurahi. Baadaye watoto walipofuatiliwa ikaonekana dozi zile, hasa zilipoanza siku za mwanzo, ziliongeza mtindio wa ubongo. Hao nao walijaribiwa, tofauti ni kwamba kwa wengi wao hakuna aliyewaomba wazazi ridhaa wala aliyekuwa anahesabu.

Baridi nayo inanifundisha adabu hadi leo. Tulikuwa na uhakika nayo. Kisha Sudhin Thayyil na wenzake wakaipima katika hospitali saba za India, Sri Lanka na Bangladesh, watoto 408, na mwaka 2021 wakatangaza kwamba haikupunguza kifo wala ulemavu, na kwamba waliopozwa walikufa zaidi: asilimia 42 dhidi ya 31. Maelezo yanayotolewa ni kwamba huenda wengi wa watoto hao ajali yao ilianza mapema, pengine tangu tumboni, kwa hiyo lile dirisha la saa sita lilikuwa limeshafungwa. Bado tunabishana. Erithropoietini, homoni ya kutengeneza damu ambayo kwenye wanyama ilionekana kuukinga ubongo vizuri sana, ilijaribiwa kwa njiti 941 wa wiki 24 hadi 27, matokeo yakatoka 2020, na haikuwasaidia. Miaka miwili baadaye ikashindwa pia kwa watoto waliokuwa wanapozwa. Nilikuwa miongoni mwa walioitabiria makubwa.

Kwa hiyo fomu isisainiwe kwa kumwogopa daktari wala isikataliwe kwa kumwogopa daktari. Mwambie mdogo wako aulize nini mtoto atapewa ambacho asingepewa, na nini atakosa ambacho angepata. Hili la pili watu husahau. Aulize nani anaangalia hesabu kabla utafiti haujaisha na ana mamlaka ya kuusimamisha. Aulize kama kamati ya maadili imeupitisha, na kama akijitoa kesho matibabu yatabaki yale yale. Jibu la hapo lazima liwe ndiyo bila kigugumizi. Aulize pia mtoto atafuatiliwa hadi umri gani. Utafiti wa ubongo wa njiti unaoishia siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani mimi siuthamini sana, kwa sababu ubongo hautoi majibu mapema hivyo. Akipewa fomu na kuambiwa asaini hapo hapo huku amembeba mtoto, na jambo lenyewe si la dharura, aombe aende nayo akaisome.

Kisha mkifika nyumbani umri wake mhesabuni kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, si aliyozaliwa. Amewahi kwa wiki 11. Atakapofikisha wiki kama 23 tangu azaliwe, yaani wiki 12 kwa hesabu hiyo ya tarehe aliyotarajiwa, mlazeni chali akiwa macho, ameshiba, halii, hana chuchu ya bandia mdomoni, wala mtu asimchezeshe. Mchukueni video ya dakika tatu, mwili mzima uonekane. Katika umri huo mtoto mwenye ubongo unaoendelea vizuri ana vijimwendo vidogo vidogo visivyokoma vya shingo, mabega, viganja na vifundo vya miguu, kila upande, kama mtu anayecheza ngoma anayoisikia peke yake. Vikikosekana mpelekeni kliniki mapema, mazoezi yaanze bila kusubiri. Vikiwepo pia ipelekeni hiyo video kliniki, maana jicho lililofunzwa linaona zaidi ya lenu na langu kwa maandishi.